Shemeji Aliyekataa Kugeuzwa

Siku ile ya kuniaga, baada ya pilau na soda, mfawidhi wetu kijana, mkuu wa kituo cha afya, alisimama akasema, “Mama Bhoke, usiondoke na kila kitu kichwani. Tuandikie.” Watu wakapiga makofi. Mimi nikatikisa kichwa nikidhani ni maneno ya sherehe tu, kama yale ya kusema hatutakusahau. Kumbe mwenzangu alimaanisha. Haikupita muda akaniletea rimu nzima ya karatasi. Rimu nzima! Mtu mwenyewe nimeishia darasa la saba, nalo nililimaliza nikiwa nimekaa dirishani nawatazama nyumbu wanapita.

Basi wanangu wa wodi ya majeruhi, someni polepole, maana nami naandika polepole. Vyeo na mishahara siviandiki. Cheo nilikuwa nacho kimoja, na mshahara wetu mnaujua. Nataka kuandika habari ya vita yangu. Ndiyo, nilikuwa nesi wa vita, ingawa hakuna aliyenipa nishani, na ingawa hata hilo neno nesi mliniitia kwa heshima tu. Mimi niliajiriwa kuwa mhudumu wa wodi, mambo mengine nikafundishwa mle mle ndani, kwa macho na kwa makofi ya mgongoni.

Nilifika kituoni asubuhi ya ukungu. Kwetu Natta asubuhi inakuja wazi, unawaona wanyama mpaka pale macho yanapochoka. Huku Tarime unasikia kwanza kengele ya ng'ombe, halafu unasikia mtu anakohoa, halafu ndiyo mtu mwenyewe anatokea kutoka kwenye weupe kama anazaliwa. Nilitembea ndani ya ule ukungu nikiona kama bado nimelala. Nilivaa viatu vya Sirari, vipya kwangu ingawa ni mtumba wa Kenya, vinalia kila nikikanyaga. Nilipoingia wodini, mama mmoja mnene aliyefunga ushungi mweupe akauliza bila kugeuka, “Nani ameniletea bata humu?”

Huyo ndiye Mama Zuhura. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka Tanga akahamia Tarime mjini, akaoa, akakaa. Mama Zuhura alikunja bandeji kama baba yake alivyokunja vitambaa, mkono hauinuki mezani. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchemsha mabomba ya sindano, maana wakati ule yalikuwa ya kioo, hayatupwi. Unayapanga kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, unangoja maji yachemke sawasawa, unazima. Sindano ikiwa butu unainoa kwenye jiwe. Nyie mnaofungua pakiti na kutupa, msinicheke. Ule mvuke wa sufuria ulikuwa unapanda kwenye dirisha, jua likiupiga ndani yake, na mimi nilikuwa naweza kuutazama mpaka Mama Zuhura anaita, “We Mnata, rudi duniani!”

Sasa vita. Hiyo haikutangazwa redioni. Koo mbili za jirani, sizitaji, kila mtu hapa ana shemeji kwenye mojawapo. Leo ng'ombe wameibwa, kesho nyumba imechomwa, keshokutwa yowe linapigwa kutoka kilima hadi kilima, na jioni wanaletwa kwetu kwenye machela za miti. Mapanga na mishale. Mama Zuhura alikuwa na sheria yake: pinde zinabaki kwa mlinzi, na vitanda vinapangwa kwa kuchanganya. Mtu wa ukoo huu, kando yake mtu wa ukoo ule, hivyo hivyo mpaka mwisho wa wodi. Nilimuuliza kama hawatauana. Akasema, “Ukiwapanga makundi, wanapanga vita. Ukiwachanganya, kila mmoja hana wa kuongea naye isipokuwa adui, na mgonjwa hawezi kukaa bila kuongea.” Na kweli. Siku ya kwanza wanatazama dari. Siku zinazofuata wanaombana chumvi ya uji.

Mimi vita ile haikuwa yangu kwa ukoo. Ilinipata kwa njia ya Marwa.

Marwa alikuwa askari. Alikuja likizo kwao Susuni akamleta mama yake ana malaria kali. Alikaa kando ya kitanda kutwa nzima, akacheka Kikurya changu, akaniuliza kwa nini natazama dripu kama natazama mvua. Alipomaliza likizo tulikuwa tumeshakubaliana, isipokuwa wazee walikuwa hawajaambiwa. Halafu kikosi chake kikapelekwa Liberia kulinda amani. Mnaona mambo hayo? Serikali inamchukua Mkurya wa Susuni, inampandisha ndege, inampeleka ng'ambo ya Afrika nzima akawaamue watu wanaopigana, na nyuma yake kwao mishale inapita juu ya paa. Siku ya kuondoka aliniambia, “Mama yangu na Nyamhanga nakuachia wewe.” Nyamhanga ni mdogo wake, wamefuatana. Nikasema sawa, kama mtu aliyeachiwa kuku.

Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Tuliandikiana barua. Nilikuwa naandika mchana, wagonjwa wakishakula na usingizi umewachukua, inzi tu ndio wako kazini. Barua zangu alizibeba kaka yake Mama Zuhura, mfanyabiashara wa mjini, akazipeleka posta, zikaenda kwa kikosi chake, kutoka huko sijui zilipitia mbingu gani. Zilichelewa sana. Nilijua kwamba nikiandika kuna mvua, yeye atasoma wakati mahindi yamekauka. Nikaandika kidonda cha fulani kibichi, yeye anasoma fulani yuko kwake anachunga. Ikawa kama naishi mahali pawili. Yeye alinieleza miti ya mpira, mistari na mistari mpaka macho yanapotea, kila mti umechanjwa unadondosha maziwa kwenye kikombe kidogo. Nikisoma hayo natazama dripu zetu zimening'inia mistari miwili, naona wagonjwa wangu wamelala chini ya msitu. Kuna mchana nilisinzia na kalamu mkononi nikawaona nyumbu wa Natta wanapita taratibu katikati ya ile miti ya Liberia, na Marwa amesimama kati yao ana kofia ya bluu, anawahesabu. Nilimwandikia ndoto hiyo. Akajibu kwamba alijaribu kuwaambia wenzake nyumbu ni kitu gani, wenzake wa Unguja wakakataa kwamba mnyama wa namna hiyo yupo.

Siku waliyomleta Nyamhanga walikuja wengi mpaka tukalaza watu koridoni. Alikuwa na jeraha la panga mkono wa kushoto, limepasua kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Alitembea mwenyewe, amevaa sweta zito la kijani, akaketi, akamnyooshea mganga wa kituo ule mkono kama anampa salamu. Akashonwa bila kutoa sauti. Wakurya mnajijua, kijana akishatahiriwa kwenu kulia ni mwiko. Mganga akaenda kwa mwingine aliyekuwa anakufa. Nyamhanga akapanda kitandani, akalala chali, na hapo alipolala ndipo alipobaki.

Hapa sikilizeni, maana ndiyo sababu ya kuandika. Wenzangu wote walijua yule ni mdogo wa mchumba wangu. Kwa hiyo ikija zamu ya kuogesha wagonjwa na kuwageuza, walimruka wakisema, “Huyo ni mtu wa Vero,” yaani mimi. Na mimi nikifika pale na beseni, ananiambia, “Shemeji, nipe hicho kitambaa, nitajifuta mwenyewe.” Ningefanyaje? Mimi ndiye ninayeolewa kwao. Mwanamke anayetaka kuolewa haanzi kwa kumvua shati shemeji yake. Nilimpa kitambaa, nikageuka dirishani nikatazama vilima. Wenzangu wananiachia mimi, mimi namwachia yeye. Wodi nzima ilikuwa na adabu, na hakuna aliyeuona mgongo wake.

Mkono ulipona vizuri. Lakini homa ikaja. Tukampa dawa ya malaria, haikushuka. Tukampiga sindano za PPF, ile penisilini ya wakati ule, ikashuka kidogo ikapanda tena. Mama yake alikuja kila siku na kibuyu cha maziwa ya mgando, anamwekea mdomoni, anayameza kwa heshima tu. Midomo ikawa kama udongo wa kiangazi. Mganga, mtu makini sana, alishika mkono akanusa nyuzi, akatingisha kichwa. Nami usiku nyumbani sikuandika kitu. Nilianza barua, “Mpenzi Marwa, Nyamhanga,” nikaacha. Barua ikifika huko, huyu aidha yuko shambani au yuko kaburini, na mimi ndiye niliyeachiwa.

Rika lake walikuwa wanakuja kumtazama. Vijana wa maneno makubwa, wanajaza wodi harufu ya tumbaku. Mkubwa wao wa mdomo aliitwa Mwita, na kwao kila kijana ni mura.

“Mura, bado umelala? Hata mwanamke aliyejifungua hutoka mapema kuliko wewe!”

“Mwacheni, anapenda uji wa bure.”

“Inuka basi utuonyeshe hilo panga. Sisi vidonda vyetu viko mbele, tunavaa kama tai.” Na Mwita akavua shati kutuonyesha kovu la kifuani. “Kuna mmoja wa kwetu alipigwa mshale wa nyuma, mnajua? Mchumba wake amerudisha shanga.”

Wakacheka mpaka kitanda kikatikisika. Nyamhanga naye akacheka. Nililiona jasho lake.

Walipotoka kwenda kuvuta tumbaku nje, nilikaa kwenye kiti cha kando ya kitanda nikatoa karatasi nijaribu tena ile barua. Alinitazama kwa jicho moja.

“Unamwandikia?”

“Namwandikia.”

“Umemwambia nimeumia?”

“Ndiyo namwambia sasa, mkono umeshonwa, unapona.”

Akatazama dirishani. Huko nje mvua nyepesi ilikuwa inashuka na jua lipo, ile ambayo watoto wanasema fisi anazaa. Halafu akasema, “Ongeza neno langu.”

“Sema.”

“Mwambie sikukimbia.”

Kalamu ikasimama. “Nani amesema ulikimbia?”

“Hakuna.”

“Marwa ameuliza?”

“Hajauliza. Wewe andika tu.”

Nikamtazama. Nikaona kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku: joto lote lile, homa yote ile, na bado amevaa sweta. Na godoro pale chini ya bega lake lilikuwa na doa ambalo nilidhani ni uji.

“Shemeji, geuka.”

“Mkono unauma.”

“Mkono umepona. Geuka.”

“Shemeji,” akasema, na sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye mbali sana, “niache. Nikifa hivi nimekufa mtu.”

Sikubishana. Nilimfuata Mama Zuhura kwenye kabati la dawa nikamnong'oneza. Hakuuliza maswali. Alichukua pazia la fremu ya mbao, akalisimamisha kuzunguka kitanda, halafu akatoka mlangoni ambako Mwita na wenzake walikuwa wanarudi, pamoja na ndugu wote wa wagonjwa, akapaza sauti: “Wageni wote nje! Tunapiga dawa ya kunguni!”

Wanangu, vijana walioingia kwenye mishale kifua wazi walitimua mbio kwa ajili ya kunguni. Mmoja aliacha kofia.

Sweta lilikuwa limeshikamana na mgongo. Tulililowesha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, tukalibandua kidogo kidogo, yeye ameuma kona ya mto. Chini ya bega palikuwa na tundu dogo kama kifungo cha shati, limefunga juu, na ndani limevimba kama yai. Alikuwa ameuvunja mshale mwenyewe, akatupa mti wake porini, chuma akabaki nacho. Mganga akaja, akapasua. Mshale wa huku una miba inayotazama nyuma, hauvutwi ulikoingilia, ukiuvuta unatoka na nyama. Unapanua njia, unaufunika mwiba kwa koleo, ndipo unautoa. Ulipotoka, usaha ulijaza kibakuli, na Nyamhanga akapumua pumzi moja ndefu ambayo nadhani aliishika tangu siku ya vita.

Tulipoondoa pazia ndipo tukakumbuka kitanda cha jirani. Mzee wa ukoo wa pili, mguu umefungwa mbao, hakuweza kutoka na wageni. Alikuwepo, ameona chini ya pazia, amesikia yote. Neno moja kwa watu wake tu, na wimbo wa kumcheka ungetungwa. Mama Zuhura akamwinamia.

“Mzee wangu, umesikia nini leo?”

Mzee akatazama dari. “Mimi? Nimesikia habari za kunguni.”

Barua nikaimalizia siku iliyofuata. Neno la kukimbia sikuliandika, maana hakuna aliyeliuliza. Niliandika tu, “Nyamhanga sasa analala kifudifudi na homa imeshuka.” Vijana wa rika wakarudi. “Mura, mbona umelala kama mjusi?” Mama Zuhura akawajibu kwamba ni vidonda vya kulala sana kitandani, na wao wakilegea atawalaza nao wavipate.

Ingekuwa hadithi ya hospitali ingeishia hapo, kidonda kimefunga, mgonjwa ameruhusiwa. Lakini aliporuhusiwa hakuondoka. Alikaa kwenye benchi nyuma ya jiko la kituo na mfuko wake mapajani. Akaniambia haendi Susuni. Anakwenda Nyamongo kwenye mashimo ya dhahabu, kuna Wasukuma na Waha na watu wa kila mahali, hakuna anayejua rika lako wala anayekutazama ukivua shati.

“Kwenu wanakutazama?”

“Shemeji, tunaoga mtoni. Wote. Nitaoga na sweta mpaka lini?”

Nikamwambia mama yake amebaki na ghala tupu, mmoja yuko Liberia, na yeye akishuka kwenye shimo harudi, wengi hawarudi. Akasema, “Afadhali asikie nimefukiwa.” Nilimbembeleza akae kidogo, nikampa kazi ya kupasua kuni za jiko. Kila jioni nilipoondoka nilijua kesho naweza nisimkute. Na mama yake aliendelea kuleta maziwa, akidhani mtoto bado anatumia dawa.

Jibu la Marwa lilikuja wakati mahindi yamekauka. Kaka yake Mama Zuhura alilileta mwenyewe, limelowa pembeni, linanukia kitu kama sabuni na bahari, ingawa bahari sijawahi kuinusa. Nilimsomea Nyamhanga palepale kwenye benchi. Mwanzo ni mvua, na miti ya mpira, na mambo mengine ambayo niliyaruka kwa sababu hayakumhusu. Halafu akaandika hivi, nayajua kwa kichwa:

“Neno la kifudifudi nimelielewa. Mwambie mdogo wangu kwamba tulipigwa risasi barabarani na kamanda wetu akasema kimbieni, tukakimbia. Mimi nilipoteza kiatu kimoja na kipande cha nyama ya mgongo. Nimefundishwa kupigana tangu nijiunge, lakini kilichonirudisha kambini ni miguu. Huku aliyekimbia vizuri anapewa chai kwanza. Aende nyumbani akamlimie mama. Nikirudi tutaoga wote, nami nitavua shati kabla yake.”

Nyamhanga alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani analia, nikatazama vilima kama kawaida yangu. Kumbe mabega yanatikisika kwa kicheko.

“Kiatu kipi?”

“Hajasema.”

“Muulize. Cha kushoto au cha kulia? Kaka yangu huyo hata ng'ombe hawezi kumkimbiza!” Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasimama, akautupa mfuko begani, lile bega bovu, akakunja uso kidogo, akashika njia ya Susuni. Sikumpa hata maji. Nilibaki na barua mkononi namtazama anavyoingia kwenye vumbi la magunia ya mahindi.

Marwa alirudi mzima, amekonda, na tabia ya kukaa anatazama mlango. Kuoga kwa wanaume mimi siwezi kuhadithia, sikuwepo. Niliwaona tu wanapanda kutoka mtoni, kundi zima la rika, Marwa mbele bila shati, anatembea polepole makusudi. Kovu lake lilikuwa kubwa kama jani la muhogo. Nyuma yake Nyamhanga, naye bila shati. Na Mwita nyuma yao wote, hana la kusema, kitu ambacho sikuwahi kukiona tena. Ng'ombe wangu wa mahari waliswagwa na Nyamhanga kutoka Susuni mpaka Natta, na simba hawakula hata mmoja, jambo ambalo baba yangu alilisifia kuliko bwana harusi.

Basi, wanangu, mgeuzeni kila mgonjwa. Akikataa, mgeuzeni. Akiwa shemeji wa mtu, mgeuzeni. Akiwa mkuu wa wilaya, mwombeni samahani halafu mgeuzeni.

Mambo haya sikuwahi kuyasema nje ya wodi. Mama Zuhura alikwenda nayo kaburini. Kwa hiyo kabla sijaanza kuandika nilipanda pikipiki nikaenda Susuni. Nyamhanga alikuwa uani anapukuchua mahindi, mzee sasa, mvi tupu. Akaniwekea kigoda.

“Shemeji, nataka kuandika habari ya mgongo wako. Watasoma watu.”

“Watu gani?”

“Manesi wachanga.”

“Na jina langu utaliweka?”

“Bila ruhusa yako siliweki.”

Akamaliza gunzi, akachukua jingine. Chini ya vilima watu walikuwa wanachoma majani, moshi umelala kwenye mashamba kama ule ukungu wangu wa kwanza, mpaka nikasahau nimekuja kuuliza nini.

“Wale waliokuwa wanakuja kunicheka kitandani,” akasema, “yupo nani leo?”

Nikaanza kuwatafuta kichwani, mmoja mmoja. Mwita alikufa kwenye mapigano yaliyofuata, mimi ndiye niliyemfunga kidevu. Wengine nao, mwaka huu na mwaka ule. Nikazunguka kitanda kile chote.

“Hayupo,” nikasema.

“Basi liweke,” akasema Nyamhanga, akinyoosha mkono kwenye rundo la mahindi. “Waliopigwa kifuani hawapo wa kunicheka.”